Kisigino cha Sajenti

Jumatatu, 3 Machi
Ismaily, mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayenishughulikia Kibiti, amenipa daftari na kuniagiza niandike kila siku: zoezi gani, mara ngapi, na maumivu kiasi gani kati ya sifuri na kumi. "Ukitaka kuandika na mengine, andika," akasema. "Kurasa zipo."

Basi naanza. Mimi ni Sajenti Badru Mwinyimvua, miaka thelathini na sita, mkufunzi wa mazoezi ya mwili jeshini kwa miaka kumi na moja. Mwezi Desemba nilikuwa nawaonyesha vijana namna ya kuruka mtaro. Mtaro wenyewe nimeuruka mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Safari hii nikasikia kama nimepigwa teke nyuma ya mguu wa kushoto. Nikageuka kumtafuta aliyenipiga, hapakuwa na mtu. Kano ya kisigino ilikuwa imekatika.

Nimefanyiwa upasuaji, plasta imetolewa, na nimepewa likizo ya ugonjwa nikae nyumbani Ruaruke. Tarehe 18 Juni natakiwa kikosini kwa jaribio la utimamu wa mwili, sawa na askari mwingine yeyote: pushapu, sitapu, na mizunguko minane ya uwanja kwa dakika kumi na tano. Nikishindwa, jopo la madaktari litaamua kama bado nafaa kuvaa sare.

Kuinua visigino, mikono ukutani: mara kumi. Maumivu mbili. Nimefunga, ni Ramadhani.

Alhamisi, 6 Machi
Mke wangu Yasmin ametoka alfajiri kwenda kupalilia mpunga, karudi saa nane kafunga na jembe begani. Nilikuwa nimekaa barazani. Nikamwambia ndoo za maji zingepangwa kwa ukubwa pale mlangoni, ingekuwa rahisi.

Akazitazama ndoo, akanitazama mimi. "Hapa si kambini, Baba Sihaba."

Maumivu mbili.

Jumapili, 9 Machi
Mvua. Visigino mara kumi na tano.

Jumatano, 12 Machi
Mvua. Ishirini. Maumivu moja.

Alhamisi, 20 Machi
Tumeoana miaka kumi na miwili. Leo, kwa kukosa kazi, nimejumlisha likizo zangu zote. Hazifiki miaka miwili. Mtoto wetu Sihaba yuko kwa bibi yake Kibiti kwa ajili ya shule, kwa hiyo tumebaki wawili, na nagundua simjui sana mwanamke huyu. Sikujua kwamba hanywi chai ya tangawizi. Nimemletea tangawizi kila likizo.

Jumatatu, 31 Machi
Idi. Alhamdulillahi. Nimetembea hadi msikitini na kurudi bila mkongojo. Watu wamenipa mikono kama mtu aliyetoka safari ndefu. Yasmin kapika pilau, Sihaba amekuja na gauni jipya, akaniomba nimwonyeshe mshono wa mguu. Akaupitisha kidole polepole. "Kama msafara wa sisimizi," akasema.

Maumivu sifuri! Naandika kwa wino mzito.

Alhamisi, 3 Aprili
Visigino arobaini. Maumivu tatu.

Jumamosi, 5 Aprili
Maumivu tatu.

Jumatatu, 7 Aprili
Maumivu tatu.

Ijumaa, 11 Aprili
Leo nina mengi, na sehemu yake ni aibu.

Nilifika Kibiti nimelowa, maana barabara imeharibika na bodaboda ilikwama mara mbili. Ismaily akasoma daftari, akanilaza, akaminya nyuma ya kisigino kwa kidole gumba. Nikaruka.

"Hii tatu," akasema, akigonga ukurasa, "ni tatu ya nani?"

Ukweli ni kwamba siku tatu baada ya Idi nilikwenda barabara ya shamba nikakimbia. Ismaily alikuwa amesema nisikimbie mpaka mwezi wa tano. Nilikimbia kama mita mia tatu, nikahisi mguu umekuwa wangu tena, nikaongeza. Wakati wa kurudi nilikuwa naburuta. Usiku ule maumivu yalikuwa saba, na nikaandika tatu. Keshokutwa yake saba, nikaandika tatu.

Nikamweleza. Nilitegemea anifokee. Mimi ningefoka. Yeye akachukua kalamu akachora mstari chini ya zile tatu zote. "Kano haikuachia, mshukuru Mungu. Lakini umejirudisha nyuma wiki tatu. Tunaanza upya na ukuta, mara kumi. Na Sajenti, ukinidanganya mimi, hasara si yangu. Mguu ni wako."

Kisha jambo la pili. Nilipotoka nikakaa kwenye benchi kungoja mvua ipungue. Pembeni yangu alikuwepo dada mmoja amemshikilia mama mtu mzima aliyepooza upande. Akanitazama, akanitazama tena.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Tunafahamiana?"

"Mimi Zawadi. Kundi la 2019, askari wa kujitolea."

Nimefundisha mamia. Nikamwambia samahani, sura nyingi. Akatabasamu bila uchungu wowote. "Mimi yako siwezi kuisahau. Leo na wewe umekaa benchi, afande." Ismaily akaita jina la mama yake, Zawadi akamwinua kwa kumkumbatia kiunoni, wakaingia.

Nimerudi nyumbani namtafuta kichwani. Sijampata.

Maumivu sita. Ya kweli.

Jumamosi, 12 Aprili
Nimemwambia Yasmin kwamba nilikimbia. Alikuwa anapepeta mchele, hakuacha.

"Najua," akasema.

"Unajuaje?"

"Siku ile ulirudi na matope ya barabara ya shamba kwenye viatu, na ukawa unakaa upande mmoja wa kiti. Mimi nilidhani utasema mwenyewe."

Ndiyo sababu wiki yote hii nimekuta maji ya moto tayari bafuni kabla sijaomba, na kigoda cha kuwekea mguu kimehamia pale ninapokaa. Nilidhani ni bahati tu. Wiki nzima mtu ananiuguza na mimi najiona namficha.

Nimesema asante. Imetoka kwa shida, kama neno la lugha ya watu.

Jumanne, 15 Aprili
Mara kumi ukutani. Maumivu nne. Mvua.

Alhamisi, 17 Aprili
Mvua kutwa. Maji yameingia mashamba ya bondeni. Nne.

Jumatatu, 21 Aprili
Maji yamepanda hadi nusu ya jaruba letu la chini. Yasmin na wenzake wameingia hadi mapajani kuzibua mkondo uliozibwa na magugu. Nimesimama kwenye tuta na mguu wangu wa thamani, nikishika khanga zao. Mkufunzi wa mazoezi ya mwili. Hakuna aliyenicheka, na ingekuwa nafuu kama wangecheka. Jioni maji yalianza kushuka. Robo ya mpunga imelala, iliyobaki imesimama.

"Tumepona," Yasmin akasema, miguu yake imekunjamana kwa maji. Robo imekwenda na yeye anasema tumepona. Nimeiandika ili niikumbuke.

Alhamisi, 24 Aprili
Nimempata Zawadi.

Alikuwa msichana mwembamba kutoka huku kwetu delta, na nilimkumbuka kwa sababu leo nimepita mbele ya kioo nikichechemea. Alikuwa akichechemea hivyo. Asubuhi ya jaribio la mwisho, lile linaloamua nani aandikishwe jeshini na nani arudi kwao, alinifuata pembeni ya uwanja akasema ugoko unamuuma mno na anaomba siku kumi. Nikamwambia uwanja hauna mganga, aingie mstarini. Akaingia. Akamaliza wa mwisho, nje ya muda, anaruka kwa mguu mmoja. Na kwenye fomu yake, pale pa maoni, niliandika kwa mkono huu: "Mvivu. Anasingizia ugonjwa."

Maneno matatu. Nakumbuka hata kalamu ilikuwa ya bluu.

Maumivu mbili. Ya mguu.

Ijumaa, 2 Mei
Ismaily kafurahi. Sasa nasimama kwa mguu mmoja na kuinua kisigino bila ukuta. Kaniruhusu kutembea haraka dakika ishirini. Nilimshika mkono nikakaa nao muda mrefu kidogo. "Vipi Sajenti, umeniganda?" Nikamwambia namshukuru kwa ule mstari aliouchora.

Jumanne, 6 Mei
Mpunga umeanza kutoa mashuke na ndege wameshuka. Yasmin kanipa kazi ya kwanza tangu nije: kuamia. Nakaa juu ya dungu kutwa na kombeo, naangalia shamba, napiga kelele ndege wakitua. Kazi ya mtu aliyekaa, lakini koo limekwisha. Yasmin anasema sauti ya kijeshi angalau ndege wanaiheshimu.

Jumamosi, 10 Mei
Tulikuwa wote wawili juu ya dungu. Nikamsimulia habari ya Zawadi yote, pamoja na maneno matatu. Nilitegemea aseme ulikuwa unafanya kazi yako.

Akarusha jiwe kwanza, ndege wakainuka. "Aliyeshindwa mbio anarudi nyumbani na kusema alishindwa mbio," akasema. "Lakini aliyeandikiwa mvivu anasema nini kwao?"

"Sasa nifanye nini? Ni miaka sita."

"Nauli ya kumfuata unayo. Na mguu unao."

Jumapili, 18 Mei
Nimetoka Kiongoroni jana. Naandika nikiwa nimelala, kisigino juu ya mto.

Kwanza niliuliza kwa Ismaily, akaniambia yule mama mgonjwa anatoka Kiongoroni, kule delta. Bodaboda hadi Nyamisati, kisha boti pamoja na magunia ya unga na abiria tisa. Tulipita kwenye vijito vya mikoko hadi nikapoteza upande wa kaskazini, mimi niliyefundisha watu kusoma ramani. Tulifika maji yamekupwa. Boti ikakwama mbali na nchi kavu, abiria wakavua viatu wakashuka kwenye matope kama kitu cha kawaida. Mimi nikabaki. Matope yale yanakamata mguu kama mdomo, na ukivuta kwa nguvu ndipo kano inapokatika.

Mwanamke mmoja akaja kutoka pwani na fimbo ndefu mkononi. Alikuwa yeye.

"Afande," akasema, wala hakushangaa. "Usivute mguu. Inua vidole kwanza, hewa iingie. Kanyaga ninapokanyaga."

Nikamfuata hatua kwa hatua kama kuruta. Nadhani ilichukua nusu saa. Hakugeuka kunihimiza hata mara moja, ila alikuwa akisimama kila nikisimama.

Zawadi anakausha kamba na kuwauza. Alinikaribisha kwenye mkeka, mama yake ameegemezwa kwenye nguzo kivulini, akaniletea maji ya kunawa na wali kwa kamba. Nilikula. Kisha nikamwambia sikuja kununua.

"Nimekuja kukuomba radhi. Kwa siku ile, na kwa nilichoandika."

Akaendelea kugeuza kamba juani. "Mwaka wa kwanza nilikuwa nakusema vibaya kila nikiamka," akasema. "Mwaka wa pili nikachoka. Kazi zilikuwa nyingi." Akageuza tena. "Nikuulize kitu kimoja tu, afande. Asubuhi ile nilipokufuata nikakwambia ugoko unauma. Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Vizuri?"

"Vizuri kabisa. Ulisema unaomba siku kumi."

Akaacha kamba. Akakaa chini. "Basi," akasema. "Kumbe nilisema. Mimi miaka yote hii nilikuwa nadhani labda sikutoa sauti. Kwamba ningesema kwa nguvu kidogo ungenisikia, na kosa likawa langu."

Nililia, mbele yake na mbele ya mama yake. Mama yule, ambaye hawezi kusema, alinyoosha mkono wake mzima akanigusa goti.

Tulipotulia nikamuuliza kama kuna ninaloweza kulitengeneza. Akafikiri. Mwaka juzi, akasema, aliomba kazi ya ulinzi wa misitu ya mikoko. Vijito vyote anavijua, mafunzo ya kwata anayo. Wakataka barua ya jeshini, ikaja na maneno yangu ndani yake. Hakuitwa. Sasa nafasi zimetangazwa tena, na maombi yanafungwa mwisho wa Juni.

"Nitaandika upya," nikasema. "Ukweli."

"Utaandika kwamba ulikosea? Wewe?"

"Mimi."

Akanitazama kama alivyonitazama pale benchi, kisha akanifungia kamba wakavu kwenye karatasi. "Mpe mkeo. Mwambie asiloweke sana."

Maumivu tatu. Ya kweli. Moyoni nimepungukiwa mzigo na nimeongezewa mwingine, lakini huu wa pili unabebeka.

Jumanne, 27 Mei
Nimekimbia! Dakika mbili natembea, moja nakimbia, mara sita, kwa ruhusa. Maumivu moja. Yasmin alikuwa nyuma yangu na kikapu, akasema nakimbia kama bata mzinga. Ni kweli.

Jumamosi, 7 Juni
Idi ya kuchinja. Dakika kumi mfululizo bila kusimama. Sifuri. Alhamdulillahi.

Jumatatu, 16 Juni
Nimeripoti kikosini. Kabla ya jambo lolote nimeomba kumwona mkuu wa kikosi, Meja Hemedy, nikampa barua yangu. Inasema kwamba Zawadi alikuwa ameumia, kwamba aliniarifu, kwamba sikumpeleka kwa mganga, na kwamba maneno yale yalikuwa ya uongo na ni yangu.

Akasoma mara mbili. "Unajua hii inaingia kwenye jalada lako? Wiki hii ya jaribio?"

"Najua, afande."

"Hakuna aliyekuuliza habari hizi."

"Hakuna, afande."

Akanipa onyo la maandishi kwa kosa la 2019, akaagiza fomu itafutwe, isahihishwe, na barua mpya itoke na muhuri. Nilipofika mlangoni akasema, "Sajenti, kisigino vipi?" Nikasema bado kinajifunza.

Jumatano, 18 Juni
Pushapu na sitapu hazikunisumbua. Kwenye mbio, saa alishika Koplo Kheri, niliyemfundisha mwenyewe kuishika. Vijana wa kundi jipya walikuwa pembeni, maana leo lilikuwa jaribio la wote, na kila mmoja alitaka kumwona Sajenti Badru anakimbia.

Mizunguko mitano ya kwanza nilikwenda vizuri, niko ndani ya muda. Wa sita kisigino kikaanza kuvuta, nne. Katikati ya wa saba, sita. Najua sita yangu sasa. Nilikuwa bado ndani ya muda, na nilijua kwamba nikiuma meno nitamaliza. Niliijua sauti ya kuniambia niume meno, ni yangu, nimewapigia watu miaka kumi na moja.

Nikasimama. Nikainua mkono.

"Koplo," nikasema, kwa sauti ya kufika hadi kwa vijana, "kisigino kinavuta. Nikiendelea nitakikata. Naomba muda."

Kheri akaja mbio, saa bado inatembea mkononi. Alikuwa na jasho kuliko mimi. Akaizima. "Kaa chini, afande. Napeleka jina kwa mganga, tarehe nyingine tutapanga." Akaniletea maji. Ni hayo tu. Hakuna radi iliyopiga.

Mganga kapima: kano nzima, imechoka. Wiki nne. Jaribio la pili na la mwisho ni tarehe 15 Julai.

Nimempigia Yasmin. Nilitegemea nitaona haya. Akasema, "Basi njoo uvune."

Jumapili, 22 Juni
Tunavuna. Najifunza kukata shuke kwa kisu kidogo. Mimi nimejaza ungo mmoja, Yasmin nne.

Jumatano, 25 Juni
Kuvuna. Moja.

Jumamosi, 28 Juni
Ujumbe wa Zawadi: barua imefika, maombi ameyapeleka mwenyewe Kibiti. "Nimeisoma kwa sauti, mama akasikia." Nimemsomea Yasmin juu ya mkeka wa mpunga, akaomba nirudie.

Ijumaa, 4 Julai
Ismaily kaniruhusu kukimbia bila kusimama dakika ishirini. Akataka kunirudishia daftari bila kulisoma. "Siku hizi naamini tarakimu zako."

Jumatano, 9 Julai
Sifuri. Mpunga umeingia ndani wote. Magunia kumi na moja, na tulidhani saba.

Jumanne, 15 Julai
Yasmin amekuja kikosini. Miaka kumi na miwili hajawahi kukanyaga kambi yangu. Alisema ana shughuli Dar es Salaam na ataniona tu akipita, lakini shughuli yenyewe hakuwahi kuitaja. Kheri akamtafutia kiti na kukiweka kivulini.

Nilikimbia. Sitaandika kila mzunguko. Kisigino kilisema moja, kikasema mbili, kikabaki pale. Mzunguko wa nane miguu ilikuwa imekwisha kabisa, mapafu yanawaka, na nikawa nafurahi, kwa sababu uchovu ule ni wa mtu mzima wa afya, nilikuwa nimeusahau. Dakika kumi na nne na sekunde hamsini na moja. Kheri akaitangaza kwa sauti, vijana wakapiga makofi, Meja Hemedy akaitikia kwa kichwa mara moja na kuondoka.

Nikasujudu palepale kwenye vumbi. Nilimshukuru Mungu kwa kano, kwa kidole gumba cha Ismaily, kwa fimbo ya Zawadi, kwa saa ya Kheri, kwa robo ya mpunga iliyokwenda na robo tatu zilizobaki.

Kisha nikamwendea Yasmin nikihema. Alikuwa amekaa wima kitini, mkoba mapajani, anautazama uwanja kwa makini, kama mtu anayetathmini shamba la mwenzake.

"Kwa hiyo ndiyo hii," akasema. "Miaka yote hiyo uliyokuwa huku. Ndiyo kazi yenyewe, kuzunguka na kurudi palepale?"

"Ndiyo hii."

Akafikiri. Akatoa chupa ya chai kwenye mkoba, akanimiminia. Haikuwa na tangawizi. Tukanywa wote kutoka kifuniko kimoja, huku wale vijana wakijifanya hawatuangalii.